Sekunde Kumi na Tano Kabla ya Wimbo

Nitasema moja kwa moja, maana kuzunguka sijui. Mwanamke niliyempenda alinidanganya kwa wiki tano, na niliujua uongo wake Jumamosi asubuhi kwa sababu nilikuwa najaribu kumfurahisha.

Alikuwa ameniomba kitu kimoja tu.

"Baridi, huu wimbo wa nne uupandishe sauti. Kaka anasema mwanzo wake hausikiki kabisa. Mtu anadhani spika imekufa."

Baridi ni mimi. Natengeneza friji na siongei sana, basi mtaa ukanipa jina hilo bila hata kufanya kikao. Yeye walimwita Sindano. Ni mshonaji, mwembamba, na maneno yake yanachoma. Jina lake alilipenda. Mimi langu nililizoea.

"Mwanzo ulinong'ona mwenyewe," nikamwambia. "Mimi nimeuacha ulivyouleta."

"Basi nilikosea kunong'ona."

"Hukukosea. Nikipandisha mwanzo, ule mwisho unapofungua koo hautakuwa na pa kupanda. Utakuwa umefika kabla hujaondoka."

"He! Maneno yote hayo leo umeyatoa wapi?" Akacheka, akanishika ukosi wa shati, akauweka sawa kama anavyofanya kwa wateja wake. "Nipandishie tu, mpenzi."

Hakuwa amewahi kuniita hivyo. Mwaka mzima niliitwa Baridi, Fundi, na siku akikasirika, Wewe Mwanaume. Neno lile moja lilinimaliza. Nilimsindikiza mpaka mlangoni, na kichwani nilikuwa nimeshakubali.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi saa nne alikuwa aje kurekodi wimbo wa nane, wa mwisho. Jumapili baba mdogo alikuwa aende kwao kuniposea. Hilo la Jumapili Sindano hakulijua, nilitaka alisikie kwa mama yake. Aliyelijua ni dada yangu mkubwa peke yake, ninayeishi naye nyumba moja tangu mumewe afariki.

Basi Jumamosi niliamka saa kumi na mbili asubuhi, nikanawa uso, nikakaa mbele ya kompyuta.

Chumba changu cha kurekodia ndicho chumba changu cha kulala. Godoro husimama ukutani, blanketi mbili ambazo dada husaidia kutundika hufunika dirisha, na maikrofoni hukaa mbele ya kabati la nguo likiwa wazi, kwa sababu nguo hunyonya mwangwi kuliko kitu chochote nilichowahi kujaribu. Sindano ameimba nyimbo saba akitazama mashati yangu. Ile nyavu ya kuzuia pumzi isipige maikrofoni aliitengeneza yeye, kwa soksi ndefu ya nailoni aliyoivuta juu ya fremu ya kutarizia. Akinong'ona, husogea vidole vinne kutoka kwenye nyavu. Akipanda, mimi nainua kidole naye anarudi nyuma hatua moja. Hatukuwahi kufundishwa na mtu. Mimi shule niliiacha darasa la sita. Tulijifunza kwa kuharibu.

Na mimi sina tabia ya kumwambia mtu "anza". Siku ya kwanza nilimwambia, koo lake likakauka kama karatasi. Tangu siku hiyo nawasha mashine, natoka kwenda jikoni kuzima friji isije ikavuma kwenye wimbo, narudi pekupeku, nakaa kwenye sakafu. Yeye anaimba akiwa tayari. Mbele ya kila wimbo huwa naacha sekunde kumi na tano za chumba kitupu, sikio la msikilizaji likizoee chumba kabla ya sauti kuingia. Ndivyo ninavyofanya kazi. Wengine wanakata, mimi sikati.

Kwenye programu kuna kifaa kinaitwa kompresa. Kompresa za friji nazijua kama vidole vyangu, lakini hii ni nyingine. Inaikamata sauti kubwa, inaikandamiza, kisha inanyanyua vyote vilivyobaki mpaka kubwa na ndogo zinakuwa kimo kimoja. Nilikuwa naikwepa. Nyimbo zake nilizichanganya kwa mkono, neno kwa neno, nikipandisha kidogo silabi inayozama, nikiacha iliyotakiwa kuwa ndogo ibaki ndogo. Gitaa langu na sauti yake viligombea mahali pamoja, nikalipunguza gitaa pale katikati ili yeye apate pa kukaa. Wiki nzima kwa wimbo mmoja. Macho yakinivimba, dada ananiuliza kama nalia.

Asubuhi ile niliiwasha kompresa, nikaibana kisawasawa. Nikavaa hedifoni, nikafumba macho, nikangoja sauti yake.

Kwanza chumba kilivuma kama kuna lori nje. Hiyo niliitegemea. Halafu nikasikia mtu anaongea.

Nikavua hedifoni nikatazama mlango. Hakuna mtu. Nikafikiri ni redio ya jirani iliyoingia siku tuliyorekodi. Nikarudisha nyuma, nikapandisha zaidi.

"Pete naivua nikifika pale kona."

Ilikuwa sauti ya Sindano, mbali na maikrofoni, pale karibu na dirisha.

"Si umwambie tu?" Sauti ya pili, ya chini, ya mtu mzima.

"Zikiisha. Akijua sasa ataziacha hapohapo. Zimebaki nne."

"Haya, shika blanketi. Anakuja."

Kisha nyayo za mtu akitoka, kisha kimya. Kisha godoro likalia kidogo, mimi nikikaa sakafuni na kuliegemea, nikimwegemea mwanamke yule kwa moyo wangu wote. Kisha Sindano akavuta pumzi, akaanza kuimba: niachie taa, niko njiani.

Nilirudia mara nne. Mara ya kwanza nilitaka iwe siyo yeye. Mara ya pili nilitaka pete iwe ya kitu kingine, ya pazia, ya mteja. Mara ya tatu sikutaka chochote. Mara ya nne niliisikiliza ile sauti ya pili, kwa sababu mpaka hapo nilikuwa naikataa, na masikio yangu ndiyo kazi yangu. Sauti ile imenilea. Ilikuwa ya dada yangu.

*

Nilimkuta jikoni anachambua mchele kwenye sinia.

"Umeamka mapema," akasema bila kuinua kichwa. "Leo ni leo, eh?"

"Dada, pete ya Sindano ikoje?"

Mkono wake ukasimama juu ya sinia. Hakuuliza pete gani. Angeuliza, labda ningejidanganya mpaka saa nne.

"Nani kakwambia?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Wewe na yeye. Pale dirishani, mnashikilia blanketi langu. Mmeongea ndani ya wimbo wangu, dada. Mko humo. Njoo nikusikilizishe."

Akaliweka sinia chini taratibu, akajifuta mikono kwenye kanga aliyojifunga kiunoni. Ana miaka hamsini na tano dada yangu, na sijawahi kumwona akikosa jibu.

"Kaa kwanza, mdogo wangu."

"Sikai."

"Nilimwona nayo sokoni. Nikamkamata palepale, nikamuuliza. Akalia. Akasema kaka yake na mama yake wameshapokea posa, na yeye mwenyewe ameshasema ndiyo. Nikamwambia akuambie."

"Akasema zikiisha."

"Akasema zikiisha."

"Na wewe ukasema haya."

Akanitazama kwa macho ya kuomba. "Tangu mkeo aondoke, miaka tisa, wewe ulikuwa unakula, unalala, unatengeneza friji. Nikikusemesha unaniitikia kwa kichwa. Kisha huyu akaja na nyimbo zake, nikakusikia unapiga mluzi bafuni. Mluzi, baba! Nikasema, acha apige mluzi mwezi mmoja zaidi. Hata kama mwisho wake ni huu. Nilikosea, lakini nilikosea kwa kukupenda."

"Kesho baba mdogo anakwenda kwao. Ulitaka nipige mluzi mpaka lini? Mpaka abishe hodi amkute mwenye mke?"

Hapo dada akainamisha kichwa.

"Baba mdogo haendi," akasema. "Nilimpigia Jumatano."

Nilicheka. Siyo kwa furaha, kicheko kilitoka tu kama kikohozi. Baba mdogo alijua. Mama yake Sindano alijua, kaka yake alijua, bila shaka na yule wa sokoni aliyewauzia nyanya alijua. Mtu pekee aliyevaa hedifoni mchana na asubuhi, anayejisifu kwamba anasikia mbu akitua kwenye kamba ya gitaa, ndiye hakusikia kitu.

"Mdogo wangu, sema neno."

"Akija umfungulie," nikasema. "Na ukishamfungulia, uende kwa jirani."

*

Saa nne kasoro dakika tano alibisha. Nilimsikia anataniana na dada sebuleni, halafu utani ukakatika katikati, halafu mlango wa nje ukafungwa. Aliingia chumbani na mkoba wake wa kitambaa, amefunga kichwa kitambaa cha kijani, ana uso wa mtu aliyelala vibaya na kuamka vizuri. Hata siku ile, na yote niliyoyajua, kifua changu kilifunguka nilipomwona. Nilijichukia kwa hilo.

"Dada yako ana nini? Namwambia kapendeza, ananiangalia kama nimemkanyaga."

"Yuko sawa."

"Na wewe je? Hujanyoa. Unakuja kurekodi wimbo wa mwisho na ndevu?" Akasimama mahali pake mbele ya kabati, akayasalimia mashati yangu kwa mkono. "Hamjambo, wazee?"

Mwaka mzima utani huo ulinichekesha.

"Nimeupandisha ule wa nne," nikamwambia.

Akageuka upesi. "Kweli?"

"Ulisema mpenzi."

Akatabasamu, lakini macho yaliondoka kwangu, yakaenda dirishani. Nikamvika hedifoni mwenyewe. Nywele zake zilinukia mafuta ya cherehani na sabuni. Nikabonyeza, nikarudi nyuma nikaegemea ukuta, nikamwangalia.

Nimezoea kuangalia uso wake akisikiliza. Huwa anatikisa kichwa kidogo kabla ya mdundo. Safari hii alikunja paji la uso kwa ule mvumo wa chumba, akaniuliza kwa kidole, nini hiki? Kisha kidole kikabaki hewani. Niliona maneno yakimwingia moja baada ya jingine. Midomo yake iliachana. Alipofika kwenye "zimebaki nne" alifumba macho, na hakuyafumbua mpaka wimbo wake mwenyewe ulipoanza. Hapo akaivua hedifoni kama inamuunguza.

"Baridi."

"Naam."

"Nilitaka kukuambia leo."

"Leo baada ya wimbo."

Akazungusha waya wa hedifoni kidoleni.

"Baada ya wimbo, siyo? Kwanza niubane vizuri, kwanza nikupigie gitaa, halafu ndiyo uniambie."

"Usiniseme hivyo."

"Nikuseme vipi? Nifundishe. Wewe ndiye fundi wa maneno." Nikanyoosha kiganja. "Iko wapi?"

"Nini?"

"Pete, Sindano."

Kisha akafungua mkoba, akatoa kile kikopo chake kidogo cha sindano, akakifungua. Ilikuwa humo katikati ya pini na vifungo.

"Ivae."

"Ya nini sasa?"

"Ivae nikuone ulivyo. Hujawahi kuja kwangu ukiwa wewe. Ivae."

Akaivaa. Pete ilikuwa na upana, ya mtu mwenye uwezo, na ilikaa kidoleni vizuri, imeshazoea. Nikaona kwenye ngozi ule mstari mwepesi ilipokuwa ikikaa. Wiki tano mstari ule ulikuwa mbele yangu, kidole kile kile nilichokuwa nakitazama kikihesabu mdundo kwenye paja lake, nami sikuuona.

"Ni nani?"

"Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, pale barabara kuu. Kaka anafanya kazi kwake."

"Unampenda?"

"Ni mtu mzuri."

"Sikuuliza hivyo."

"Nimekujibu hivyo." Akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu kisicho na godoro. "Nina miaka thelathini na saba, Baridi. Kaka kila siku ananiuliza, yule fundi friji anakutaka au anakupigia gitaa tu? Mama naye, kila siku. Nikawa nawaambia ngojeni. Wakangoja. Na mimi nikangoja."

"Ulingoja nini?"

"Wewe!" Sauti yake ilipanda ghafla, na kidole changu, wallahi, kikataka kuinuka kumwambia arudi nyuma hatua. "Mwaka mzima uko na mimi chumba kimoja. Unasema nini? Sogea. Rudi nyuma. Hiyo herufi inapiga, rudia. Nikitoka hapa nasema, leo alikuwa karibu, kesho atasema. Kesho unaniambia gitaa limepotea kwenye ubeti wa pili!"

"Mtu anayekaa wiki nzima na wimbo mmoja wa mwanamke, anapandisha silabi moja moja, unadhani anafanya nini?"

"Anachanganya muziki."

Nje jirani alikuwa anafagia uwanja, na ufagio wake ulisikika chumbani wazi kabisa, pamoja na blanketi zote mbili.

"Siku aliyokuja kwetu," akaendelea, sasa taratibu, "yule mtu alisema, nimekupenda, nataka kukuoa. Maneno mawili. Alikuwa hajanijua hata mwezi. Nilikasirika, unajua? Nilikukasirikia wewe. Nikasema ndiyo kwa hasira. Halafu hasira ikaisha na ndiyo ikabaki."

"Nakupenda," nikasema.

Lilitoka bila kupigwa msasa. Akaniangalia, na kwa muda mfupi sana niliona uso wa yule mwanamke niliyemsikia mara ya kwanza akiimba kwenye cherehani, mimi nimelala nyuma ya friji lake bovu na tochi mdomoni.

"Nakupenda, na nilitaka kukuoa, na baba mdogo alikuwa aje kwenu kesho. Irudishe hiyo pete. Kaka yako atapata kazi kwingine. Mimi nitasema na mama yako mwenyewe, nitasema mpaka achoke kunisikia."

Machozi yalimshuka, hakuyafuta. Alikuwa anageuza pete kidoleni, nusu duara, nusu duara. Nilingoja. Nilingoja kama ninavyongoja kila siku aingie kwenye wimbo, bila kumwambia anza.

"Harusi ni Jumamosi ijayo," akasema. "Kadi zimeshagawiwa. Siwezi, Baridi. Hata ningetaka, nimeshachoka kutaka."

"Basi nimeelewa."

Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, na hilo ndilo lililonikata kuliko pete, kuliko dada, kuliko yote:

"Na nyimbo?"

Nikamtazama vizuri. "Nimekuambia nakupenda, unaniuliza nyimbo?"

"Hataki niimbe nikishakuwa mkewe. Alisema wazi. Nikiingia mle ndani, basi. Hizi ndizo zitakazobaki. Nilitaka zibaki mahali, zimechanganywa na mtu anayenisikia. Ndiyo maana sikukuambia. Si kwa kukucheza shere. Kama ningekuambia, ungeacha."

"Ningeacha, ndiyo."

"Unaona?"

"Kwa hiyo mimi ni kabati. La kukuhifadhia vitu vyako."

"Usinidhalilishe."

"Niambie kitu kimoja. Kaka yako ana spika gani ambayo mwanzo wa wimbo wa nne hausikiki?"

Akaanza kukifunga kile kikopo cha sindano.

"Nimeharibu asubuhi yangu nikiupandisha. Nataka kujua ni spika gani."

"Ni za ukumbini," akasema hatimaye. "Huu mmoja yule bwana ameukubali. Ni wa kuingilia. Nikiingia."

Nilikaa sakafuni, mahali pangu. Niachie taa, niko njiani. Nilikuwa nimeamka alfajiri, nikanawa uso, nikamwandalia mwanamke ninayempenda wimbo wa kuingilia kwenye harusi yake. Na niliupandisha vizuri. Watu mia tatu wangesimama, spika zingefunguliwa mpaka mwisho, na kabla yeye hajaimba neno wangemsikia akisema pete anaivua akifika kona.

Nilimwona naye akifika hapohapo. Rangi ilimtoka usoni.

"Baridi. Ile sehemu... utaikata?"

Rekodi ilikuwa mikononi mwangu. Flashi ilikuwa tayari kwenye kompyuta, wimbo ulikuwa tayari ndani yake. Ningeweza kuichomoa nikampa, nikamwambia nimeikata, akaenda zake. Asingekagua. Mwaka mzima hakuwahi kukagua kazi yangu, aliniamini kabisa kwa kila kitu nilichomfanyia sauti yake. Niliufikiria ukumbi ule kwa kirefu. Nisiseme uongo, nilimwona bwana wake akigeuka, nilimwona kaka mtu, na nikasikia raha tumboni.

Nikasimama, nikaenda kwenye kompyuta. Nikamwita aje aone.

"Hapa ndipo mnapoongea," nikamwonyesha. "Hiki kimstari. Unaona kilivyo chembamba?"

"Naona."

Nikakichagua, nikakifuta kwenye rekodi yenyewe. Kazi ya sekunde moja. Kisha nikaufuta na ule wimbo uliopandishwa wote.

"Huo si ndio..."

"Huo sikupi. Nakupa nilivyouchanganya mimi. Unaanza chini. Ukumbi wakitaka kukusikia watanyamaza, wasipotaka shauri yao. Sitakuingiza kwa mtu ukiwa umebanwa kama samaki wa kopo."

Alicheka na kulia kwa pamoja, akajifuta kwa kile kitambaa cha kijani. Nikaweka nyimbo saba kwenye flashi, nikamtilia mkononi, nikiwa mwangalifu vidole visigusane.

Nilidhani ataondoka. Badala yake akarudi mbele ya kabati, akasimama, akaiweka sawa ile nyavu.

"Bado mmoja," akasema.

"Huo hapana."

"Baridi, huo..."

"Nimesema hapana. Kaimbe kwako, bafuni, popote. Hapa tumemaliza."

"Huo si wa kwangu." Alikuwa amenipa mgongo, anaongea na mashati. "Hizi saba nilizitunga mwenyewe, kwa mambo yangu. Huo wa nane nilikutungia wewe. Nilipanga uusikie kwanza, halafu nikuambie la pete. Nilidhani ukishausikia utanisamehe."

Nilitaka kumuuliza una beti ngapi. Nilitaka kumuuliza gitaa liingie wapi.

"Ungeniimbia kabla ya pete," nikasema. "Sasa hivi ni wimbo wa mke wa mtu."

"Usiurekodi basi. Sikiliza tu."

Na kabla sijajibu akageuka, akanitazama machoni, pete kidoleni, mikono imeshuka ubavuni, bila maikrofoni, bila hedifoni. Akavuta pumzi.

"Usianze!"

Akaishikilia pumzi ile kifuani. Tukatazamana hivyo. Kisha akaiachia polepole puani, akachukua mkoba wake, akapita ubavuni mwangu, akatoka.

Pumzi zake nazijua zote. Nimezichanganya mwaka mzima, nimeacha kila moja mahali pake. Ile haikuwa ya kupaza. Ilikuwa ndefu, ya chini, ya mtu anayekwenda kunong'ona. Basi najua kwamba wimbo wangu unaanza taratibu. Zaidi ya hapo sijui neno lake hata moja.